Teach (nomino ya Kiayalandi)

Teach ni nomino ya Kiayalandi yenye maana ya nyumba. Konsonanti yake ya mwisho husikika kama *kh* ya «kheri». Ina asili moja na *tŷ* ya Kiwelisi, na ni ya ukoo mmoja na kitenzi cha Kilatini *tegere*, «kufunika».

Nomino hii ni ya jinsi ya kiume na haifuati kanuni za kawaida: umilikishi wake ni *tí*, wingi ni *tithe*. Uzuri wake hasa uko mwanzoni mwa neno, mahali ambapo Kiayalandi hubeba sarufi nyingi. *A theach* ni nyumba yake (mwanamume), *a teach* ni nyumba yake (mwanamke), na *a dteach* ni nyumba yao. Kimilikishi ni kilekile *a*. Konsonanti inayofuata ndiyo inayomtambulisha mwenye nyumba.

Umbo la kale *tigh* lingali hai. Huko Munster, kusini mwa Ayalandi, hutumika badala ya *teach*, na likifuatwa na jina la mtu huwa na maana ya «kwa»: *tigh Sheáin*, kwa Seán.

*Teach solais* ni mnara wa taa za meli. *Teach tábhairne*, baa. *Teach pobail*, kanisa, hasa Ulster, kaskazini mwa kisiwa. *Bean an tí* ni mama mwenye nyumba, jina wanalopewa pia wanawake wa Gaeltacht, maeneo yanayozungumza Kiayalandi, wanaowakaribisha wanafunzi wajao kujifunza lugha. Mabaraza mawili ya bunge la Ayalandi, Dáil na Seanad, huitwa *Tithe an Oireachtais*.