Sheria Iliyoharamisha Maneno

Sisi walimu wa lugha twajua uzito wa neno. Huko Pakistani neno moja laweza kumtia mtu gerezani. Mwaka 1974 Bunge liliwatoa Waahmadiyya katika hesabu ya Waislamu. Mwaka 1984 amri ya Jenerali Zia-ul-Haq ikawakataza kujiita Waislamu, kuadhini, na kuita jengo lao la ibada msikiti. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3, pamoja na faini. Agosti 1985 Kamati Ndogo ya Umoja wa Mataifa iliyohusika na ulinzi wa walio wachache ilitaka amri hiyo ifutwe. Haijafutwa hata leo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia kanuni za ushairi wa Kiswahili, alikuwa Mwahmadiyya. Basi tusiseme kwamba habari hizo ni za mbali.