Alizeti ya Singida na Mafuta ya Ng'ambo

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa imepungukiwa mno na mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha huko Kongwa, katika Jimbo la Kati la Tanganyika, mradi mkubwa wa kulima karanga. Matrekta yaliletwa na misitu ikafyekwa, lakini udongo mgumu na ukame viliishinda mitambo. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kupotea pauni zipatazo milioni 36. Singida nayo ilikuwa katika jimbo hilo hilo. Na huko ndiko kulikokuja kustawi mbegu za mafuta, si kwa meza ya Ulaya, bali kwa jiko la nyumbani.

Azimio la Arusha la 1967 lilihimiza kujitegemea, na viwanda vya mafuta, kama vile vya Mwanza na Morogoro, vikawa mali ya umma. Lakini vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, pamoja na kupanda kwa bei ya petroli, vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Mafuta ya kula na sabuni vikawa vitu vya kupangiwa foleni. Tangu 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa. Bidhaa zilirudi madukani, na pamoja nazo yakaja mawese ya Malaysia na Indonesia, ambayo mwenye kiwanda aliweza kuyasafisha karibu na bandari pasipo kumhitaji mkulima ye yote wa nchini.

Singida ilikuwa na jibu lake. Nchi ni kavu, ina msimu mmoja wa mvua, na udongo wake mwingi ni wa kichanga. Lakini alizeti, yenye mizizi iendayo chini sana, huvumilia pale mahindi yanaponyauka. Kuanzia miaka ya 1980 vilienea nchini vinu vidogo vya mkono vya kukamulia. Baadaye zikaja mashine za umeme, na kisha viwanda vikubwa mjini Singida. Kwa hiyo fedha ya lita moja hugawanyika kwa wengi: mkulima, mpagazi, mkamuaji, muuzaji wa kando ya barabara, na mfugaji anunuaye mashudu. Fedha ya mawese, kinyume chake, sehemu yake kubwa huvuka bahari.

Katika bajeti ya 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Mwaka 2021 Singida, Dodoma na Simiyu iliteuliwa kuwa mikoa ya kutiliwa mkazo katika alizeti, na mbegu bora zikagawiwa kwa ruzuku. Lakini ushuru una makali pande mbili. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, na Indonesia ikazuia kwa majuma kadhaa mawese yake yasitoke, mpishi wa mjini aliumia. Ushuru ukalegezwa ili kumwokoa. Msimu uliofuata akalia mkulima wa alizeti, kwa kuwa bei ya mbegu zake ilianguka. Yamkini hapana sera ya ushuru iwezayo kuwaridhisha wote wawili kwa siku moja, maadamu ekari moja inatoa mavuno machache.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mashine nyingi za kukamulia hufanya kazi miezi michache tu, kisha husimama kwa kukosa mbegu. Aina ya zamani iitwayo Record, ambayo mkulima aliweza kuitunza ghalani akaipanda tena, haina mavuno ya mbegu chotara. Lakini chotara hununuliwa upya kila msimu, na nyingi zimetoka nchi za nje. Basi nchi iachayo kununua mafuta ng'ambo ili inunue mbegu huko huko, imehamisha utegemezi wala haijaumaliza.

Kongwa ilishindwa kwa kuyatumainia matrekta kabla ya kuujua udongo. Ushuru nao huweza kutumainiwa vivyo hivyo. Humpa mkulima muda wa kujijenga. Lakini muda huo usipotumiwa katika utafiti wa mbegu, ugani na mikopo, gharama yake italipwa na mnunuzi wa kibaba cha mafuta, naye ni maskini kama mkulima mwenyewe.