Mficha uchi hazai: Penina Muhando na siri za nyumbani

Katika kijiji cha Patata kuna nguzo imelala chini. Wanawake wanataka kuisimamisha, lakini kila wakikusanyika, mambo ya nyumbani yanawavuta. Huyu kipato chake kimekombwa na mume, kimeishia pombeni. Yule kafiwa, na matanga hayajaanuliwa ndugu wa marehemu wameshafika kugawana mali. Tamthilia inakwisha nguzo haijasimama.

Patata haimo kwenye ramani. Ni kijiji cha Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando iliyochapishwa mwaka 1982. Hata hivyo, aliyekulia chini ya milima ya Uluguru hahitaji kuelekezwa njia ya kufika huko. Mwandishi naye ni binti wa mkoa huu wa Morogoro, aliyezaliwa Berega, Ukaguru, mwaka 1948.

Watunzi wengine wa tamthilia barani Afrika wamejisimulia wenyewe. Wole Soyinka alitoa kitabu cha utoto wake, Aké, mwaka 1981. Ngũgĩ wa Thiong'o akatoa cha kwake mwaka 2010. Ninapomsoma Muhando simtafuti yeye peke yake. Nawasikia mama, shangazi na dada zetu, wakisema kwa Kiswahili yale yaliyozoeleka kusemwa kwa kunong'ona.

Ujasiri huo una asili. Waluguru na Wakaguru wote huhesabu ukoo kwa mama, na kwao binti akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa kwa nyimbo na ngoma. Mambo ya mwili, ndoa na uzazi hutajwa humo waziwazi, kwa sababu mficha uchi hazai. Mwaka 1981 Muhando aliandika katika jarida moja la Marekani kuhusu digubi, ngoma ya wasichana wa Kikaguru, akionyesha kwamba hiyo nayo ni sanaa ya maonyesho kamili. Bibi zetu walikuwa na jukwaa lao kabla ya shule kuja.

Yeye akalitoa jukwaa hilo uani na kuliweka hadharani. Tamthilia yake Hatia, ya mwaka 1972, ilibeba suala la mimba ya binti asiyeolewa. Heshima Yangu ikafuata mwaka 1974. Mwaka 1976, Sheria ya Ndoa ikiwa na miaka mitano tu, akatoa Talaka si Mke Wangu. Kutoka Hatia hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaweza kurudi shuleni, ilipita miaka 49. Mabinti wangapi walibaki nyumbani na vichanga vyao katikati ya miaka hiyo?

Kuandika vitabu hakukumtosha. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipeleka sanaa za maonyesho vijijini: Malya, Bagamoyo, Msoga, na mwaka 1986 Mkambalani, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji wakiwasikiliza, na wanakijiji wenyewe wakageuza shida zao kuwa ngoma na igizo. Ngoma ikinyamaza, watu hawatawanyiki. Wachezaji na watazamaji wanajadili yale waliyoyaona.

Mwaka 1996 mbegu hiyo ilizaa Tuseme, mradi alioanzisha na mwenzake wa chuo hicho, Amandina Lihamba. Wasichana wa sekondari hutaja wenyewe vinavyowakwamisha, kisha huigiza mbele ya walimu na wazazi. Baadaye Muhando aliongoza FAWE, jumuiya ya waelimishaji wanawake wa Afrika yenye makao Nairobi, na Tuseme ikavuka mipaka hadi nchi nyingine.

Ukweli wa maisha, basi, si mali ya watu mashuhuri pekee. Binti aliyekuwa na miaka 15 pale Mkambalani mwaka 1986 sasa amepita hamsini, na huenda ana wajukuu wanaojua kusoma na kuandika. Wamkalishe jamvini jioni moja, wachukue daftari, waandike kila anachosema, bila kukiruka kile kinachowatia haya.