Maana ya Jina la Saraswati

Kila jina la mtoto ni dua ya wazazi wake. Miongoni mwa majina ambayo Wahindu huwapa mabinti zao ni Saraswati, na dua iliyomo ndani yake ni elimu.

Neno hili ni la Kisanskriti, nalo lina sehemu mbili: saras, yaani ziwa au maji yaliyokusanyika, na vati, yaani mwanamke mwenye kitu. Saraswati, basi, ni mwenye maji mengi. Katika Rigveda, maandiko makongwe kuliko yote ya Wahindu, yeye ni mto mkuu na pia ni mungu wa kike. Katika maandiko yaliyofuata aliunganishwa na Vach, mungu wa usemi. Mwishowe akawa mlinzi wa elimu, ushairi na muziki. Wachoraji humwonyesha amevaa mavazi meupe, ana kitabu na zeze mikononi, na bata maji yu kando yake. Katika sikukuu yake, Vasant Panchami, watoto wengi hushikishwa kalamu kwa mara ya kwanza.

Hapa lazuka swali zito. Ikiwa elimu ina sura ya mwanamke, mbona wanawake walizuiliwa kuipata? Kwa karne nyingi masomo ya Veda yalikuwa haki ya wavulana wa matabaka ya juu. Sensa ya Bara Hindi ya mwaka 1901 ilikuta kwamba hata mwanamke 1 katika kila 100 hakupatikana aliyejua kusoma na kuandika. Binti aliweza kuitwa Saraswati maisha yake yote asifungue kitabu.

Wachache waliivunja desturi hiyo. Anant Shastri Dongre, mwanachuoni wa Kibrahmani, alimfundisha mkewe Kisanskriti ingawa wenzake walimlaumu. Mke naye akamfundisha binti yao Ramabai, aliyezaliwa mwaka 1858. Mwaka 1878 wanazuoni wa Calcutta walimsikiliza Ramabai, wakastaajabu, wakamtunukia majina mawili ya heshima: Pandita na Saraswati. Kwa watoto jina hilo lilikuwa tumaini. Kwake lilikuwa ushahidi. Mwaka 1883 alibatizwa Uingereza akawa Mkristo. Hata hivyo, shule ya wajane aliyoifungua Bombay mwaka 1889 aliiita Sharada Sadan, na Sharada ni jina jingine la mungu yule yule.

Sensa ya mwaka 2011 ilikuta zaidi ya wanawake 64 katika kila 100, wa umri wa miaka 7 na zaidi, wakijua kusoma. Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Walinena kweli, lakini giza la ujinga halikuondolewa na jina peke yake. Liliondolewa na baba aliyemfunza mkewe, na mama aliyemfunza bintiye.