Kampaundi Isiyokaa Chupani

Katika miaka niliyofundisha sayansi chuo cha ualimu, wanachuo waliniuliza mara nyingi: tutaaminije kuwapo kwa kitu tusichoweza kukitia chupani tukakitazama? Siku hizi ningewajibu kwa kisa cha oksaidi moja ya klorini.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya, kutoka California, kwamba gesi za klorofluorokaboni zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupuliza hupanda juu sana, zikavunjwa na mionzi ya jua na kutoa klorini. Klorini hiyo huangamiza ozoni, ngao inayotukinga na mionzi iletayo saratani ya ngozi. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika ilipungua vibaya kila mwisho wa majira ya baridi, kuliko ilivyotazamiwa. Kwa nini kule kwenye baridi kali?

Mwaka 1987 Mario Molina na mkewe wa wakati ule, Luisa, walileta sehemu muhimu ya jibu. Klorini ikishambulia ozoni hugeuka oksaidi yenye atomi moja ya klorini na moja ya oksijeni. Penye baridi, molekuli mbili za oksaidi hiyo huungana kuwa moja. Jua linaporejea, mwanga huupasua muungano huo, klorini ikawa huru kushambulia tena. Muungano wenyewe ni dhaifu: ukipata joto kidogo tu, huvunjika. Mwaka huohuo mataifa yalitia sahihi Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi hizo. Sekretarieti yake iko jirani yetu, Nairobi.

Mwaka 2007 ukazuka mtihani. Watafiti wa California walipima upya kampaundi hiyo, wakaona inapokea mwanga kidogo mno kuliko ilivyodhaniwa. Kama ni kweli, hesabu zisingeweza tena kueleza kuharibika kwa ozoni. Je, mataifa yalikuwa yamejenga juu ya mchanga?

Shida ilikuwa kwamba kampaundi hiyo ni vigumu kuipata bila klorini ya kawaida kuchanganyika nayo na kuvuruga vipimo. Mwaka 2009 watafiti wa Taiwan walitumia njia iliyokwepa klorini hiyo, wakaona kwamba mwanga huipasua kampaundi kwa kasi ya kutosha. Maelezo ya awali yakasimama.

Msomaji wangu, wale wa mwaka 2007 hawakuwa maadui wa elimu. Bila wao, pengine asingetafuta mtu njia bora ya kupima. Kuuliza si ujinga, na jambo la kweli halidhoofiki kwa kuulizwa. Mwalimu anayemnyamazisha mwanafunzi mwenye shaka humfundisha kukariri tu, na aliyekariri hana la kujibu siku ya mtihani kama ule.