Kisanduku cha kijivu kutoka Cedar Rapids

Mwaka 1925 msafara wa Donald MacMillan ulikuwa kaskazini kabisa, kwenye barafu za Greenland, na magazeti ya Marekani yalitaka habari zake kila siku. Jeshi la majini, pamoja na mitambo yake yote, lilihangaika kuupata msafara huo hewani. Aliyekuwa anaupata usiku baada ya usiku ni mvulana wa miaka 15, Arthur Collins, akiwa nyumbani kwao Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Alikuwa anagonga Morse na John Reinartz, mwendeshaji wa redio wa meli ya Bowdoin, anaandika ujumbe kwenye karatasi, kisha anaupeleka ofisi ya telegramu utumwe Washington.

Mtoto amewazidije wanajeshi? Jibu ni urefu wa wimbi. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma watu wa redio za ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, eneo ambalo wakubwa waliamini halina faida yoyote. Ni kama kumpa mtu shamba la mawe. Kumbe mawimbi mafupi yanaruka juu, yanadundishwa na tabaka la anga lenye umeme, yanarudi ardhini maelfu ya kilomita mbali. Watu wa ridhaa waligundua hilo kwa kujaribu tu, huku watu wa serikali wakiendelea kung'ang'ania mawimbi marefu na minara mirefu.

Naanza na huyu mvulana kwa sababu kifaa ninachotaka kukizungumzia, transiva ya valvu inayoitwa KWM-2, kilitoka mikononi mwake miaka 34 baadaye, na ndani yake bado unaona tabia zake: mtu asiyetaka kubahatisha.

Kampuni yake, Collins Radio, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia umeanguka na watu wenye akili timamu hawafungui kampuni. Mwaka 1933 Richard Byrd alipokwenda Antaktika alibeba mtambo wa Collins. Ikaja vita, zikaja oda za jeshi, kiwanda kikapanuka. Hapo kati, Collins na mafundi wake walikuwa wanahangaika na tatizo moja ambalo msomaji wa kawaida halijui ingawa limeamua historia nzima ya mawasiliano ya sauti.

Nieleze kwa kifupi. Redio ya zamani ikirusha sauti kwa mtindo wa AM, inarusha vitu vitatu: wimbi lenyewe linalobeba, na nakala mbili za sauti, moja kila upande. Wimbi linalobeba linakula nguvu nyingi bila kusema kitu, na nakala ya pili ni marudio matupu. Ukiondoa mzigo huo ukabakiza nakala moja, nguvu yako yote inakwenda kwenye sauti, na nafasi unayochukua hewani inapungua nusu. Huo ndio mtindo wa SSB. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Shida ilikuwa kulitekeleza kwenye kifaa kidogo. Unahitaji chujio linalokata upande mmoja bila kugusa mwingine, na pia unahitaji redio isiyohama, maana kwenye SSB ukikosea hata kidogo sauti ya mwenzako inakuwa kama ya bata.

Dawa ya Collins kwa tatizo la kwanza bado inanifurahisha. Ni chujio la kimakanika: safu ya visahani vidogo vya chuma vilivyounganishwa kwa waya nyembamba, vimefungwa ndani ya kikopo. Umeme unaingia upande mmoja na kugeuzwa kuwa mtikisiko, visahani vinatikisika, na vinakubali masafa ya upana wa hertz 2,100 tu yapite. Upande wa pili mtikisiko unageuzwa kuwa umeme tena. Yaani kabla sauti yako haijaondoka kwenda Ulaya inapita kwanza kwenye chuma, inakuwa mlio halisi ndani ya kikopo, halafu ndiyo inaendelea. Dawa ya tatizo la pili ilikuwa kitengo cha kupangia masafa ambacho badala ya sahani za kapasita kina kiini kinachoingia na kutoka ndani ya koili kwa skrubu ya usahihi mkubwa. Ukizungusha kitasa, kila hatua ni sawa na nyingine, kutoka mwanzo wa dayo mpaka mwisho. Vitengo hivyo vilifungwa kiwandani, na mafundi wazoefu watakuambia usiviguse kama huna sababu ya maana.

Mwaka 1957 ikatoka KWM-1. Mwaka 1959 ikatoka KWM-2, ambayo iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1970. Ni kisanduku cha kijivu chenye uzito wa karibu kilo 8, upana wa kama sentimita 37, kinachopokea na kurusha ndani ya boksi moja. Ndani kuna valvu 18. Mbili za mwisho, aina ya 6146, ndizo zinazosukuma wati kama 100 kwenye antena. Bei ilikuwa zaidi ya dola 1,000, na pawa saplai ilinunuliwa pembeni. Kwa mwalimu au karani wa Marekani wa mwaka 1959 hiyo ilikuwa ndoto. Ndiyo maana Heathkit walipata wateja wengi walipoanza kuuza vifaa vya kujiungia mwenyewe vilivyofanana sana kwa sura na vya Collins. Ulinunua maboksi ya vipuri na kitabu, ukakaa na pasi ya kulehemu wiki kadhaa, ukapata redio.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wakusanyaji wa redio hizi huipitia harakaharaka.

Mtu aliyeisukuma SSB iingie jeshini kwa nguvu ni Jenerali Curtis LeMay, yule yule aliyeamuru Tokyo ichomwe kwa mabomu ya moto Machi 1945. Miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa kikosi cha ndege za nyuklia, na alikuwa pia mtu wa redio za ridhaa, mwenye leseni yake. Alikuwa na shida ya kikazi: ndege zake ziko angani duniani kote, anahitaji kuzifikia kwa sauti. Mwaka 1956 jeshi la anga lilijaribu mitambo ya Collins ndani ya ndege huku watu wa ridhaa wakijibu kutoka majumbani mwao. Majaribio yalifaulu. Kwa hiyo chujio lile la visahani ambalo mzee anajivunia leo mezani kwake lina undugu wa karibu na vita baridi.

Halafu ikaja Vietnam. Jeshi la Marekani lilikuwa na mfumo ulioitwa MARS, unaowashirikisha watu wa ridhaa wanaojitolea, na KWM-2A, ndugu ya KWM-2 mwenye nafasi zaidi za kristali za masafa, ilikuwa miongoni mwa mashine zake kuu huko. Askari anapanga foleni nje ya kibanda. Zamu yake ikifika, sauti yake inavuka Pasifiki mpaka kwa mtu wa kujitolea aliyeko California au Arizona, ambaye ameunganisha redio na laini ya simu. Yule wa kujitolea anapiga namba ya nyumbani kwa askari. Mama anapokea.

Lakini kifaa hiki hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Lazima mmoja amalize, aseme "ova", ndipo mwendeshaji ageuze swichi. Mama wa watu hajawahi kusema "ova" maishani mwake. Mchumba naye hivyohivyo. Kwa hiyo hewa ya Pasifiki usiku ilijaa watu wanaosema "nakupenda, ova", huku wageni wawili, mwendeshaji wa huku na wa kule, wakisikiliza kila neno kwa sababu wasiposikiliza hawatajua wakati wa kugeuza swichi. Na yeyote mwenye mpokeo mzuri angeweza kusikia pia. Ukiwa mpenzi wa tamthilia, hebu fikiria hilo jukwaa: mazungumzo ya wawili ambayo hayawezekani bila wanne.

Kituo kimoja mashuhuri kati ya hivyo kilikuwa nyumbani kwa Barry Goldwater huko Arizona, yule seneta aliyegombea urais mwaka 1964 kwa msimamo mkali wa vita. Watu wa kujitolea waliunganisha maelfu kwa maelfu ya simu kutoka kituo hicho. Sioni sababu ya kulifanya hilo liwe tamu kupita kiasi, wala la kulidharau. Mtu huyo huyo alitaka vita ipiganwe kwa nguvu zaidi na pia aliwafungulia vijana wa vita hiyo mlango wa kuongea na mama zao. Mama wa Kivietnam aliyekuwa chini ya mabomu hayohayo hakuwa na kisanduku cha kijivu cha kumuunganisha na mwanawe. Kila ninaposoma mtu anasifu "sauti ya Collins", ile sauti laini ya redio hii, nalikumbuka hilo.

Kwetu Afrika Mashariki redio za ridhaa zilikuwepo tangu ukoloni, kwa sehemu kubwa mikononi mwa wazungu. Kenya iliitwa hewani VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5, Zanzibar VQ1. Baada ya uhuru zikawa 5Z4, 5H na 5X. Ukiokota daftari la mwana-ridhaa wa Ulaya la miaka ile unaweza kuona uhuru unavyoingia kimyakimya, kwa kubadilika kwa herufi mbili tatu tu kwenye safu ya majina. Wananchi wengi walikutana na mawimbi mafupi kwa njia nyingine: redio ya kijiji ya kusikiliza taarifa ya habari, au simu ya upepo ya polisi, ya misheni, ya madaktari wa ndege.

Nimewahi kukaa mbele ya mashine ya aina hii mara kadhaa, kwa fundi mmoja mstaafu wa Moshi ambaye aliinunua ikiwa imekufa. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuhusu kurusha sauti. "Mwanangu, mkono mmoja mfukoni." Pawa saplai ya KWM-2 inatoa volti kama 800, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, umeme haupati njia ya kuvuka kifua chako. Jambo la pili: redio iliyolala miaka mingi haiwashwi ghafla. Kapasita za ndani zimekauka, na unaweza kuunguza transfoma ambayo hutaipata tena. Yeye alibadilisha kapasita zote za saplai kwanza, kisha akapandisha volti polepole. Na kwa kuwa mashine yake ilitengenezwa kwa volti 115, inakaa nyuma ya transfoma ya kushushia, maana ukutani kwetu ni 230.

Ukiwasha, husikii kitu. Valvu zinaanza kuwaka rangi ya chungwa, chumba kinanukia vumbi lililopata joto, halafu kelele ya anga inaingia kidogokidogo. Unasubiri. Ukitaka kurusha, unageuza swichi kwenye nafasi ya kutyuni, unazungusha kitasa cha hatua ya mwisho huku unaangalia mshale wa mita ushuke, unaongeza mzigo wa antena, unarudia. Fanya haraka, kwa sababu valvu mbili za 6146 zinaumia ukizicheleweshea hapo. Redio za leo zinafanya hayo zenyewe. Hii haikufanyii chochote. Ukitoka masafa haya kwenda mengine unaanza upya, na kila kipande cha masafa ni kilohertz 200 tu kabla ya kubadili kristali.

Ina udhaifu, tusidanganyane. Huwezi kusogeza mpokeo pembeni kidogo bila kusogeza na urushaji, kwa hiyo mwenzako akihama na wewe unamfuata, mnaishia kutangatanga wote. Kwa Morse si mashine nzuri sana, jambo la ajabu ukikumbuka Arthur alianzia wapi. Na valvu za 6146 zinategemea zaidi akiba za zamani. Fundi wetu ana nne kwenye kopo la maziwa na anazihesabu.

Collins mwenyewe hakumaliza vizuri. Kampuni yake ilitengeneza mitambo ya mawasiliano ya safari za Apollo, lakini yeye alikuwa ameshahamisha mapenzi kwenye kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alimimina fedha nyingi kwenye mfumo wa kuunganisha kompyuta na mawasiliano, wazo ambalo leo tungeliona la kawaida kabisa. Soko halikuwa tayari. Rockwell ikaingia na mtaji mwaka 1971, na mwaka uliofuata mwenye jina akaondolewa kwenye kampuni yenye jina lake. Alifariki mwaka 1987. Wakati huohuo Wajapani walikuwa wameleta FT-101 ya Yaesu, yenye transista karibu kila mahali na valvu kwenye hatua za mwisho tu, kwa bei ambayo mwalimu na padri wangeweza kuifikiria.

Leo KWM-2 nyingi ziko kwenye kabati za vioo, zimesuguliwa, hazina hata waya wa antena. Wengine wanabishana kama nembo yake ni ya duara au ya mabawa, kwa sababu nembo inabadili bei. Naelewa, ni pesa. Ila mimi niko upande wa fundi wa Moshi, anayeiwasha jioni wakati masafa ya mita 20 yanafunguka kuelekea Ulaya, anaongea na mstaafu mwenzake wa Italia kuhusu hali ya hewa na goti, kisha anaandika kwenye daftari: saa, masafa, jina la hewani, alama ya usikivu. Daftari lake la kwanza ni la mwaka 1983. Watoto wake wameshaniuliza redio inaweza kuuzwa shilingi ngapi. Madaftari wameyaweka stoo, chini ya magunia ya mahindi.