Kiraka cha Krismasi: kisa cha Meltdown na keneli

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, nataka niwasimulie kisa. Ni kisa cha kiraka ambacho karibu kila mwenye tarakilishi ya Intel mwaka 2018 alikivaa, hata kama hakujua amevalishwa. Wengi walisikia jina Meltdown kwenye habari, wakaambiwa "sasisha mashine yako", mambo yakaishia hapo. Lakini ukifuatilia jinsi kiraka chenyewe kilivyoshonwa utaona vioja.

Tuanze na keneli. Hiki ndicho kiini cha mfumo wa uendeshaji, na ndicho kinachojua kila kitu: herufi unazobonyeza, maneno ya siri yanayopita, faili zote ulizofungua. Programu ya kawaida ikitaka kusoma diski au kutuma kitu mtandaoni, sharti ipige hodi kwa keneli. Hodi hizi ni maelfu kwa maelfu kila sekunde. Ili mambo yaende kasi, Linux na Windows zilifanya ujanja mmoja wa zamani: ziliiweka keneli nzima ndani ya ramani ya kumbukumbu ya kila programu, kisha kila ukurasa wa keneli ukatiwa biti moja inayosema "wewe wa kawaida huruhusiwi hapa". Yaani chumba cha siri kimo ndani ya nyumba yako mwenyewe, ila kimefungwa, na askari wa mlangoni ni prosesa.

Kila kitu kilitegemea askari huyo. Sasa sikiliza alivyokuwa akifanya kazi.

Fikiria masjala ya ofisi fulani. Unamwambia karani: "Nenda ufungue faili ya siri ya fulani, uangalie tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni 7, niletee sanduku namba 7. Ikiwa ni 3, sanduku namba 3." Karani huyu ana bidii kupita kiasi. Badala ya kungoja mkubwa akague kitambulisho chako, anakimbia kwanza, anasoma faili, analeta sanduku mpaka kwenye meza ya karibu. Hapo ndipo mkubwa anapiga kelele: "Huyu haruhusiwi!" Karani anakuomba radhi na hakupi kitu. Faili imerudishwa, hujaona chochote. Lakini sanduku limebaki pale mezani. Sasa unaanza kuomba masanduku yote, moja baada ya jingine, ambayo wewe unaruhusiwa kuyaona. Tisa yanachukua muda kuletwa kutoka stoo. Moja linafika mara moja. Umeshajua tarakimu.

Prosesa za Intel zilikuwa ndiye karani huyo. Kwa kutaka kasi zinatenda maagizo kabla ya zamu yake, na ukaguzi wa ruhusa unakamilika baadaye kidogo. Ruhusa ikikosekana matokeo yanafutwa, lakini kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, haifutwi. Mshambuliaji anaandaa kurasa 256, moja kwa kila thamani ambayo baiti moja inaweza kuwa nayo, kisha anapima ni ukurasa upi unasomeka upesi. Baiti moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Watafiti walifikisha hadi kilobaiti 503 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo maneno ya siri hayawezi kujificha muda mrefu. Na tabia hii ya kutenda nje ya zamu ilikuwa katika karibu kila prosesa ya Intel tangu 1995.

Sasa historia yenyewe, na hapa ndipo penye utamu: kiraka kilikuwa kimeshashonwa kabla watu hawajajua kuna tundu hili.

Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, Daniel Gruss na wenzake walikuwa wakishughulikia tatizo dogo zaidi. Mifumo huificha keneli kwa kuiweka kwenye anwani ya kubahatisha kila mashine inapowaka, na mwaka 2016 walionyesha kwamba maficho hayo yanaweza kugunduliwa kwa kupima muda. Dawa waliyopendekeza mwaka 2017 waliiita KAISER: usiiweke keneli kwenye ramani ya programu kabisa. Kila programu ipewe majedwali mawili ya kurasa. Inapofanya kazi zake yenyewe inatumia jedwali ambalo halina keneli, isipokuwa kipande kidogo cha mlangoni. Ikipiga hodi, jedwali linabadilishwa. Waliituma Mei 2017 kwa watengenezaji wa Linux, na haikupokewa kwa shangwe. Nani angetaka kupunguza kasi ya kila hodi kwa ajili ya kulinda maficho tu?

Wakati huohuo Jann Horn wa kikosi cha Project Zero cha Google alikuwa amegundua jinsi prosesa zinavyovujisha siri kwa njia hii, na tarehe 1 Juni 2017 Intel, AMD na ARM waliarifiwa kimyakimya. Julai mtafiti mwingine, Anders Fogh, alichapisha jaribio la kusoma kumbukumbu ya keneli kwa njia ya aina hiyohiyo. Jaribio lake lilishindwa, lakini aliandika wazi kwamba hapo pana kitu. Werner Haas na Thomas Prescher wa Cyberus Technology, Ujerumani, wakafika palepale kivyao. Desemba Gruss, Moritz Lipp na Michael Schwarz wakajaribu, na Gruss akajikuta anasoma siri za tarakilishi yake mwenyewe nyumbani, hata anwani za tovuti alizokuwa akitembelea. Vikundi vitatu, tundu moja, miezi michache. Kwangu mimi hiyo ni ishara kwamba inawezekana kuna wengine walilipata mapema na hawakusema.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa ndani ya silikoni, hakuna awezaye kuuziba kwa programu, kwa hiyo ukuta ukawa ndiyo njia pekee. Na ukuta ulikuwapo tayari: KAISER. Mwisho wa Oktoba 2017 Dave Hansen wa Intel aliirudisha kwa jamii ya Linux, safari hii ikiwa na msukumo mkubwa. Ikabadilishwa jina kuwa KPTI (mojawapo ya majina yaliyopendekezwa kwa mzaha ni tusi, silirudii hapa). Thomas Gleixner, Andy Lutomirski na wengine wakaifumua na kuishona upya.

Mabadiliko makubwa kama haya katika usimamizi wa kumbukumbu kwa kawaida hujadiliwa kwa miezi, pengine miaka. Haya yaliingia mwishoni mwa Desemba, wakati wa Krismasi, katika awamu ambayo Linus Torvalds huwa hapokei ila marekebisho madogo, tena yakapelekwa hadi matoleo ya zamani. Mtu yeyote anayefuatilia keneli aliuliza: kuna nini? Jibu lilidokezwa tarehe 26 Desemba. Tom Lendacky wa AMD alituma kiraka kidogo cha kuziondoa prosesa za AMD kwenye mzigo huu, na katika maelezo yake akaeleza kwamba prosesa zao haziruhusu usomaji wa kubahatisha kuvuka mpaka wa ruhusa. Sentensi hiyo ilitosha. Kufikia tarehe 2 Januari gazeti la mtandaoni The Register lilishaandika habari, na tarehe 3 Januari 2018 siri yote ikawekwa wazi, siku 6 kabla ya tarehe waliyokubaliana. Watu wa OpenBSD walilalamika kwamba hawakuambiwa kitu, na nadhani walikuwa na haki.

Upande wa Windows mambo yalikuwa magumu zaidi. Baadhi ya programu za kuzuia virusi zilikuwa zikichezea keneli kwa njia zisizoruhusiwa, na kiraka kilipofika zingeangusha mashine, hivyo Microsoft ikakizuia kwenye mashine ambazo antivairasi yake haijathibitishwa. Baadhi ya tarakilishi za AMD za zamani zikakataa kuwaka.

Lakini kioja kikubwa ni Windows 7 ya biti 64. Katika kiraka cha Januari mtu aliiacha biti moja, ileile inayosema "programu ya kawaida hairuhusiwi", ikiwa imegeuzwa upande usiofaa. Na haikuwa kwenye ukurasa wowote tu. Ilikuwa kwenye ingizo linaloelekeza kwa majedwali ya kurasa yenyewe, ramani ya ramani zote. Programu yoyote sasa ingeweza kusoma kumbukumbu yote kwa kasi ya gigabaiti kwa sekunde, na hata kuandika, jambo ambalo Meltdown yenyewe haikuweza. Hakuna ujanja wa kashe uliohitajika. Ulf Frisk wa Sweden ndiye aliyeligundua na kulieleza mwezi Machi 2018. Likapewa namba CVE-2018-1038, na Microsoft ikatoa kiraka cha dharura mwisho wa mwezi huohuo. Kwa hiyo kati ya Januari na Machi, mtu mwangalifu aliyesasisha Windows 7 yake alikuwa wazi zaidi kuliko mvivu aliyeiacha. Hapo ndipo ninapowahurumia wasimamizi wa mitandao.

Gharama je? Hansen aliandika kwamba asilimia 5 ndiyo punguzo la kawaida la kasi, na jaribio baya kabisa lilifika kama 30. Walioumia ni wenye seva za hifadhidata na mtandao, zinazopiga hodi kwa keneli bila kupumzika. Kilichosaidia ni PCID, uwezo ulioingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2010, unaoiwezesha prosesa kutosahau anwani zote kila jedwali linapobadilishwa. Na hao wenye seva ndio waliokuwa na zaidi la kupoteza. Ukikodi kipande cha seva cha bei nafuu kinachotumia keneli moja na wateja wengine, jirani usiyemjua angeweza kusoma siri zako.

Intel ilianza kurekebisha silikoni yenyewe mwishoni mwa 2018. Hata hivyo mashine nyingi tunazonunua huku zikiwa zimeshatumika kwingine ni za kabla ya hapo. Kama unatumia Linux, fungua tamino na usome faili hii:

/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/meltdown

Ikijibu "Not affected", prosesa yako haina ugonjwa huu. Ikijibu "Mitigation: PTI", umevaa kiraka cha Krismasi. Ikijibu "Vulnerable", funga ukurasa huu ukasasishe keneli kwanza.